Msiunganishe Leya Kabla ya Mama Kutazama

Mkono wangu wa kulia ulistaafu kabla yangu. Ganzi ilianza kwenye kidole gumba, ikapanda hadi kifundo, na siku moja nikashindwa kufungua chupa ya maji mbele ya mteja. Mteja akanifungulia, kwa huruma iliyoniudhi kuliko maumivu yenyewe. Daktari aliniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia ninachora. Akaandika kwa adabu. Nikaongeza kwamba ninachora kwa kompyuta, na hapo akachangamka, akasema mpwa wake wa gredi ya tatu pia anachora kwa kompyuta, hasa tembo.

Ndivyo nilivyoacha kazi nikawa mzee wa kuombwa ushauri, cheo ambacho hakina mshahara lakini kina wageni wengi. Mnakuja kwangu mtaani Rhonda na tableti zenu nyembamba kama chapati ya hoteli, mnakaa, mnakunywa chai yangu, kisha mnauliza swali lilelile: "Buda, ulikuwa unatumia brashi gani?"

Tulimalize hilo kwanza. Nilipoanza nilipakua brashi za kila namna: za manyoya, za majani, za mawingu, na moja ambayo kazi yake ilikuwa kuchora moshi wa sigara peke yake, na mimi sijawahi kuchorea mtu sigara. Kompyuta ikawa inafikiri polepole kama karani aliyetoka kula. Nilipostaafu nilikuwa nimebaki na brashi ngumu, brashi laini, na moja niliyoiharibu mipangilio kwa bahati mbaya na sijui mpaka leo niliiharibuje. Hiyo iliyoharibika ndiyo iliyonisomeshea watoto. Kwa hivyo chukueni chache mzizoee. Na mchore kwa bega, si kwa kifundo cha mkono. Mimi nilichora kwa kifundo, na sasa mke wangu ndiye anayenifungulia chupa za maji.

Nilisoma chuo kikuu, nikatoka na shahada ya historia, na kwa muda mrefu nilingoja mtu aje kuniuliza jambo la historia. Hakuja. Aliyekuja ni Mzee Shabani wa Bondeni, mchoraji wa mabango, ambaye alihitaji mtu wa kumshikia ngazi. Aliniita Profesa, na ndani ya jina hilo hakukuwa na heshima hata ya kuazima. Tulichora kuta za vinyozi mji mzima. Mnajua ukuta wa kinyozi: vichwa vinne vya wanaume, mitindo minne, na wote wanne wanafanana na binamu ya mchoraji.

Shabani akimaliza uso alikuwa na tabia moja. Alishuka chini, akaupa ukuta mgongo, akatoa mfukoni kioo kidogo cha kunyolea, na kuutazama mchoro kupitia juu ya bega lake. Wapita njia walidhani mzee anajirembesha. Nilimuuliza anatafuta nini.

"Jicho likikaa na kosa muda mrefu linalifanya jamaa, Profesa," alisema. "Kioo hakina undugu na mtu."

Kwenye kioo, jicho moja la kichwa cha tatu lilikuwa limeshuka karibu na shavu. Tulikuwa tumelitazama asubuhi nzima na kulisifu.

Nilipohamia kwenye kompyuta, nilikuta kioo cha Shabani kimo ndani. Kila programu ya kuchora ina amri ya kugeuza picha, kushoto iwe kulia. Iwekeeni kitufe cha karibu, mwibonyeze mara kwa mara, mtaona makosa yenu yakiwakodolea macho. Ila jueni kama programu yenu inageuza mtazamo tu au inageuza picha yenyewe, na mkumbuke kurudisha. Nilimchorea mchungaji mmoja na mkewe picha ya kuadhimisha ndoa yao, nikageuza kukagua, nikasahau kurudisha, ikachapishwa kubwa kama mlango. Pete ya mchungaji ikawa imehamia mkono wa kulia. Mama mchungaji aliitazama kwa muda mrefu mbele ya ushirika wote, kisha akamuuliza mumewe, kwa sauti ya upole iliyofika mpaka viti vya nyuma, hiyo nyingine ni ya nani.

Kuhusu kusevu sitawahubiria. Studio yangu ilipakana na fundi wa kuchomelea mageti. Kila alipogusa chuma, taa zangu ziliinama kama zinasali, na kompyuta ikazimika. Nilipoteza bibi harusi mzima hivyo, pamoja na wasimamizi. Tangu siku hiyo kidole changu cha kushoto hubonyeza kusevu chenyewe, hata ninapoandika ujumbe kwa simu, ambapo hakuna cha kusevu.

Lakini kile ninachotaka mkishike, hata mkisahau mengine yote, ni leya. Kwa yule aliyeshika kalamu juzi: fikiria vioo angavu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja na mchoro wake. Ukitazama kwa juu unaona picha moja. Kando ya kila leya kuna alama ndogo ya jicho. Ukiibonyeza, leya inajificha lakini haifutiki. Halafu kuna amri ya kuziunganisha zote ziwe kitu kimoja. Faili inakuwa nyepesi, kompyuta inapumua, na wewe unalala vizuri mpaka mteja apige simu kusema shemeji atolewe pichani kwa sababu wameachana.

Hili la leya nilifundishwa na dalali mmoja wa viazi ambaye sikuwahi kumwona.

Familia yake ilikuja studio Jumamosi moja: mama yao, na watoto watatu, wote watu wazima. Kifungua mimba, Githinji, ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini na hutembea kama mtu aliyebeba funguo nyingi. Njeri hufanya kazi kwenye shamba la maua na anaishi na mama huko Karagita. Kitinda mimba, Kimani, ni wa bodaboda, na aliingia na helmeti yake akaiweka juu ya skana yangu. Walikuwa wanaandaa ibada ya ukumbusho wa baba yao huko Molo. Githinji alitaka picha kubwa ya mzee isimame mbele ya kanisa. Nikasema sawa, nipeni picha ya kunakili.

Hawakuwa nayo. Mzee alifariki zamani, kitambulisho chake kikarudishwa kwa chifu kama ilivyo sheria. Picha zilizobaki zilikuwa ukutani sebuleni, na nyumba yao ya Molo iliungua wakati wa vurugu za uchaguzi, kuta, fremu na vyote. Waliondoka na ng'ombe mmoja na redio.

Nikauliza kama kuna ndugu yeyote aliyefanana na marehemu. Wote watatu wakainua mikono.

Basi tukaanza kumchora mtu kwa kusimuliwa. Msijaribu jambo hili bila leya. Githinji alisema pua ilikuwa nyembamba na imesimama. Njeri akasema ilikuwa pana, ya mtu mpole. Kimani, aliyekuwa mtoto mdogo mzee alipofariki, alisema ilikuwa na matundu makubwa, na nadhani yeye ndiye aliyekuwa mkweli, kwa sababu aliiona kutoka chini. Kila pua nikaipa leya yake na jina lake: Pua ya Githinji, Pua ya Njeri, Pua ya Kimani. Nikifungua jicho la moja na kufunga nyingine, chumba kizima kinagombana.

"Hiyo pua ni yako, Githinji, si ya Baba," Njeri alisema.

"Na mimi nilitoa wapi?"

"Uliza Mama."

Mama alikuwa kwenye kiti cha dirishani, anamtazama fundi wa mageti. Hakuwa amesema neno tangu salamu. Githinji akamgeuzia skrini, akamuuliza ipi. Mama akaitazama kidogo.

"Mimi nakumbuka shati," alisema.

Githinji akavuta pumzi kama mtu anayejibiwa kuhusu saruji wakati ameuliza misumari. Akasema tupumzike, wakateremka wote watatu kutafuta chai, wakiendelea kubishana ngazini. Mama alisubiri mpaka sauti zikapotea.

"Kijana wangu," akaniambia, na mimi wakati huo nilikuwa na mvi za kutosha kuziba mto, "hao wanafikiri nimenyamaza kwa ajili ya huzuni. Huo uso umeanza kunitoka. Nikifunga macho naona shati. Naona mikono. Hapa juu" — akapitisha kiganja mbele ya uso wake mwenyewe — "naona kama dirisha la jikoni ugali ukiwa motoni. Najua yuko ndani, lakini simwoni. Usiwaambie."

Mtu wa chuo kikuu akikosa la kusema huuliza swali. Nikamuuliza shati lilikuwa la aina gani.

Hapo mama akafunguka. Lilikuwa la mirabaraba, kijani iliyofifia na kahawia. Mfuko wa kushoto ulichanika, akaushona kwa uzi mweusi kwa sababu mweupe ulikuwa umeisha, na mzee akamtania kwamba sasa shati lake limevaa kovu. Ndani ya mfuko kulikuwa na kalamu ya risasi ya kuandikia magunia. Kifungo cha juu hakikufungwa hata siku moja, maana shingo ilikuwa nene. Kola ililika upande wa nyuma, kwa sababu alizoea kubeba gunia huku ameinamisha kichwa mbele.

Mkikwama, vijana, anzeni na mnachokijua. Sikugusa uso. Nilichora shati lote, kila mrabaraba, na uzi mweusi nikausogelea mpaka mama akasema mshono wake haukuwa nadhifu kiasi hicho, nikauharibu kidogo. Kutoka kwenye kifungo kisichofungwa nikapata shingo. Kutoka kwenye kola iliyolika nikapata jinsi kichwa kilivyotangulia mbele ya mwili. Shingo ilipokuwepo, mama akakumbuka kwamba chini ya kidevu palikuwa na vinywele ambavyo wembe haukuvifikia. Vinywele vilipokuwepo, akakumbuka kidevu.

Na rangi. Nisiwaone mkitafuta kivuli cha ngozi yetu kwa kuongeza rangi nyeusi. Mnapata mtu aliyelala kwenye makaa. Wekeni kahawia nzito, zambarau kidogo, buluu kidogo pale mwanga wa anga unapogusa. Wala msitie nyeupe tupu kwenye paji la uso ili ling'ae. Niliwahi kumtolea mtu uso kama wa mchimbaji anayetoka mgodini Kariandusi jioni, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, na yule alikuwa diwani.

Wale watatu waliporudi, mzee alikuwa karibu kukamilika, na pua nilikuwa nimezichanganya zote tatu kwa haki. Githinji akasema anakaribia, anakaribia, lakini kuna kitu. Njeri naye akasema kuna kitu. Nami nikasema tuone kwa kioo, nikabonyeza kitufe changu, picha ikageuka.

Mdomo ulikuwa umeenda upande. Nilikuwa nimekaa mshazari mbele ya skrini tangu asubuhi, jicho langu likalifanya kosa jamaa, kama alivyosema Shabani. Sasa kwenye kioo mdomo wote ulikuwa umevutwa kwenye shavu la kushoto, kama mtu anayeficha pipi.

"Umeharibu mzee," Githinji alisema.

Nikashika kalamu kurekebisha. Nyuma yangu nikasikia sauti, nikadhani mama analia. Alikuwa anacheka. Alicheka kwa mabega, kiganja kimeshika goti.

"Mwache," alisema. "Huyo ndiye. Huyo anataka kuniambia lori iliharibikia Mau Summit."

Kisha Kimani akauliza kwa uangalifu, "Si hiyo lori iliharibika kweli, Mama?"

"Lori haikuharibika hata siku moja."

Njeri akajifunika mdomo kwa shali. Mama akasogeza kiti mpaka pua yake ikakaribia skrini. Alieleza kwamba mtu yule akitaja bei ya viazi, mdomo ulikwenda hivyo. Akieleza alikolala, ulikwenda hivyo. Na siku ya kwanza alipokuja kwao kumposa, akamwambia baba yake ana ekari kumi, ulikwenda hivyo hivyo, na mama, aliyekuwa nyuma ya pazia, akajua ni uongo na akampenda papo hapo. Mimi nikarudisha shati upande wake, maana mfuko ulikuwa umehamia kulia. Uso nikauacha ulivyo. Mdomo haukuguswa.

Githinji ndiye aliyekuwa na shida. Alisema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, kwamba hawezi kusimamisha hiyo mbele ya kanisa. Watu watasema wametuletea dalali. Alitaka suti, tai, na mdomo ulionyooka.

"Baba hakuwa na suti," Kimani alisema.

"Sasa anayo."

Wakamtazama mama wakingoja aamue. Mama hakukasirika.

"Mvalishe," akaniambia. "Kanisani kila mtu huvaa uongo kidogo."

Lakini kabla ya kumvalisha nilifanya ninachofanya kila mara, nanyi mfanye vivyo hivyo. Skrini ina taa ndani yake, karatasi haina. Uso unaong'aa kwenye kompyuta ukifika kwenye printa unatoka kama umefanyiwa ibada ya moshi. Kwa hivyo kateni kipande kidogo cha picha, hasa chenye ngozi, mkichapishe kwanza muone. Nikakata kipande kutoka nyusi hadi kola, nikateremka nacho kwa jirani mwenye printa, nikarudi nacho. Kilikuwa kimezidi weusi kidogo, nikaona pa kurekebisha, nikakitupa kwenye ndoo.

Mama akakiokota. Nikamwambia akiache, nitamchapishia yote vizuri, shati na kila kitu.

"Shati nakumbuka," alisema. "Kilichokuwa kimepotea ni hiki."

Akakiweka kwenye pochi, akafunga zipu.

Suti niliichora kwenye leya za juu kabisa. Buluu iliyokolea, tai ya maruni, na mdomo mpya ulionyooka kama rula, kila kimoja kwenye leya yake. Kazi ikachapishwa, ikasimama Molo mbele ya kanisa, na nilisikia ilisifiwa sana. Watu walisema mzee alikuwa kama mbunge. Kwenye kompyuta yangu faili ile ilikuwa nzito kama gunia lenyewe, na mara nyingi mashine ilipolalamika nilisogeza mshale mpaka kwenye amri ya kuunganisha. Sikubonyeza. Nisingependa mdhani ni hekima. Nilikuwa na uvivu tu, na uvivu ukitumiwa vizuri unafanana sana na hekima.

Githinji alirudi mwaka uliofuata, peke yake. Alisimama mlangoni akasifia rangi ya kuta zangu, ambayo alijua ni ya bei rahisi kwa sababu alikuwa ameniuzia yeye mwenyewe. Akaongea kuhusu mvua. Akauliza mkono wangu unaendeleaje, wakati huo ganzi ikiwa ndiyo inaanza. Hatimaye akauliza kama ile ya Mama bado ninayo.

Nikamwambia si Mama ana kipande chake.

"Hataki kutuonyesha," alisema. "Tukiuliza anasema sisi tuna yetu."

Nikafungua faili. Mzee akatokea na suti yake, mbunge kamili. Nikabonyeza jicho la tai, tai ikatoka. Nikabonyeza jicho la mdomo ulionyooka, na chini yake ule mwingine ukaja taratibu kama mtu anayeamka. Nikabonyeza jicho la suti. Shati lilikuwa palepale, kijani na kahawia, na uzi mweusi kwenye mfuko.

Githinji akanyoosha kidole, akakiweka kwenye skrini juu ya ule mshono mbaya, jambo ambalo kwa kawaida huwa namfukuzia mtu. Akasema alikuwa amemwahidi mzee suti, duka likisimama. Duka lilisimama, lakini mzee hakulingoja.

Nikamwuliza kama nimchapishie hiyo. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwuliza kama niwaambie Njeri na Kimani waje wachukue zao pia.

"Hapana, hapana," alisema. "Kwanza mimi sikuja kwa ajili ya hii. Nilikuwa napita tu, kuna mzigo wa saruji unaningoja hapo chini."

Nikachungulia dirishani; barabarani hapakuwa na lori lolote. Nikamgeukia, na mdomo wake ulikuwa umevutwa wote kwenye shavu la kushoto.

Nikasevu.